Siku ya Tatu Si Lundi

Siku ya tano, vendredi, saa tatu na dakika kumi ya asubuhi, jaji alimwambia kolonele: "Simama." Naye akasimama.

Naandika siku kwa majina yake mawili, la kwetu na la Kifaransa. Tangu asubuhi ile siandiki tena kwa namna nyingine.

Tulikuwa katika salle ya paroisse, ukumbi wa parokia, hapa Walikale. Tulifika huku kwa miguu baada ya kuacha mashamba yetu ya maharage karibu na Kalembe. Jeshi lilishindwa, kilima cha juu ya nyumba yetu kikachukuliwa, na sasa mahakama ya kijeshi ilikuja kuuliza nani alikikimbia. Kwenye benchi la mbele walikaa askari wanane bila ukanda, bila kamba za viatu. Wa tatu kutoka dirishani ni kaka yangu. Kukimbia mbele ya adui, adhabu yake ni kifo. Mama alijua hivyo, mimi pia, lakini njiani hakuna aliyelitaja neno hilo. Mama alikuwa ameshika sufuria ndogo ya sombe iliyofungwa kitambaa, kwa sababu kaka hakula vizuri tangu walipomfunga.

Na kolonele alikuwa amesimama. Lazima nieleze alikuwa nani. Yeye njo alikuwa mkubwa wa askari wote wa upande wetu. Jipu yake ikitokea, tulishuka kwenye mfereji na vikapu vyetu. Wachungaji waliotoka na ng'ombe Kirolirwe waliwasukuma wanyama porini, hata kama pori ni la miiba. Siku moja alisimama mbele ya shule akamuuliza prefe wetu, mkuu wa shule, swali, na prefe, ambaye sisi wote tunamwogopa, akasahau jina la shule yake mwenyewe. Kumbe mahali fulani kuna mtu wa kumwambia muntu kama huyo "simama". Vinyweleo vya mikono yangu viliinuka. Nilivificha chini ya kitenge cha mama.

Kolonele alisema vizuri sana, bila haraka. Alisema askari wa kilimani walimtoroka lundi. Yeye, peke yake, alibaki hata kesho yake, mardi, halafu akafanya repli, ni kusema alirudi nyuma kwa akili, kwani mkubwa bila askari angefanya nini? Watu walitingisha vichwa. Hata mimi nilianza kumhurumia.

Ndipo jaji akachukua karatasi ambayo kaka alitia kidole alipokamatwa. Jaji hakuwa mtu wa huku. Kiswahili chake kilikuwa cha kambi, kimechanganyika na Lingala; askari alimwita soda.

"Weye soda. Hapa ulisema mulishuka lundi. Njo vile?"

"Hapana, Mukubwa. Nilisema siku ya tatu."

Karani wa mahakama aliinua kichwa. Ni yeye aliyeandika karatasi ile. Alisoma ng'ambo ya mpaka, na Kiswahili chake ni kile cha vitabu, kisafi mpaka kinatutisha. "Ndivyo nilivyoandika, mheshimiwa," akasema. "Siku ya tatu. Jumatatu. Lundi."

Salle nzima ililipuka.

"Eee! Tangu lini?" mama mmoja nyuma yetu akapiga kelele. "Siku ya kwanza njo lundi! Ya pili mardi! Ya tatu mercredi! Huyu papa anahesabiaka wapi?"

"Kwao wiki inaanzaka posho!" mwingine akajibu, yaani samedi, Jumamosi ya karani, watu wakacheka, askari wa mlangoni akagonga ukuta na bunduki.

Mama yangu hakucheka. Alikuwa ameelewa kabla yangu. Kama ni lundi, kaka alimkimbia kolonele. Kama ni mercredi, kolonele ndiye aliyemkimbia kaka. Kifo chote cha kaka kilikuwa ndani ya neno moja, neno ambalo tunalisema kila wiki bila kulifikiria.

Avoka wa kolonele, wakili wake, alisimama. "Leo, kwa kujiponyesha, wanabadilisha hata siku," akasema. "Nani aliandika hivyo mbele ya kukamatwa? Mutuonyeshe."

Mama akanifinya paja. "Iko mu sakoshi yako."

"Mama, hapana."

"Mi nilikuzaa nakujua. Simama."

Ni kweli, ilikuwa ndani ya sakoshi, mkoba wangu wa shule. Natembea na kaye yangu, daftari langu, kila mahali kwa sababu mahali tunapolala, ukiiacha, jirani anachana karatasi za kuwashia moto. Mbele ni mazoezi ya shule. Nyuma ni mambo yangu, na mengine ni ya haya. Darasani sijawahi kunyoosha kidole. Mwalimu akiniuliza, wenzangu wanajibu kwa ajili yangu, wamechoka kungoja. Sijui ni nani aliyesimamisha miguu yangu siku ile.

"Weye dada," jaji akasema, "iko nini mu mukono?"

"Kaye, Papa."

Watu wakacheka kwa sababu nilimwita Papa. Yeye hakucheka. "Soma."

Nilisoma. Siku ya pili: nimepata ine juu ya kumi kwa interro ya Kifaransa, sitamwambia mama. Saa kumi na moja na nusu ya asubuhi jipu ya kolonele ilipita inaelekea Walikale, matela ya kulalia juu, imefungwa na kamba ya buluu.

"Ine juu ya kumi!" mama akasema kwa sauti, akasahau yuko wapi.

"Kumbe matela njo ilifanya repli ya kwanza!" yule mama wa nyuma akasema.

Jaji aliniita mbele. Nilimfungulia upande wa shule. Interro yenyewe, lile jaribio la darasani, ilikuwa pale, na juu yake, kwa wino mwekundu wa mwalimu: mardi. Siku ya pili, mardi. Alifungua mbele, akafungua nyuma, mara nyingi. Halafu akaweka kidole kwenye mistari iliyofuata. "Endelea."

Siku ya tatu. Kaka ameshuka kilimani saa nane, midomo imepasuka. Amekunywa vikombe vine vya maji. Anauliza, kolonele iko wapi, radio haijibu, tunangoja amri. Sikujua nimwambie nini. Nilimwambia, amepita.

Jaji alimgeukia kolonele.

"Mardi asubuhi ulikuwa ndani ya jipu ile?"

Kolonele aliangalia kaye, si mimi. "Ndiyo."

"Uliwaambia wale wa kilimani kama unaenda?"

"Hapana."

Lilikuwa dogo sana, hapana lile. Mtu aliyefanya barabara nzima itoke njiani alilitoa kwa sauti ya mwanafunzi ambaye hakusoma somo lake, sauti ninayoijua vizuri. Karani alifuta lundi, akaandika mercredi, akatuangalia mimi na mama akasema, "Mnisamehe." Mchana jaji alisema wale wanane hawana kosa, wapewe siku mbili za kuona familia zao. Kolonele alivuliwa ukanda na nyota mbele yetu sote, angoje hukumu yake gerezani. Hakuna aliyepiga makofi.

Alipopita karibu yangu alisimama kidogo. "Unaandikaka kila siku?"

"Ndiyo, Papa," nikasema. Yeye pia nilimwita Papa. Sijui kwa nini, na sijutii.

Kaye yangu ilibaki kwa jaji, na ile ine juu ya kumi ndani yake.

Kesho yake niliamka mapema kabla ya foleni ya chemchemi, nikachota maji. Kaka alikuwa bado amelala, viatu miguuni, bila kamba. Niliweka kikombe karibu na kichwa chake, kimejaa. Halafu nikachana kipande cha katoni ya sabuni na kuandika: Siku ya posho, samedi. Saa kumi na mbili na robo. Kaka iko nalala.