Wino Tuliounywa

Enzi zetu, sisi tuliokulia Garissa wakati wa vita vya Shifta, mtoto alijifunza kuandika mara mbili. Asubuhi tulikuwa duksi, chuo cha Kurani, tukiandika kwenye mbao kuanzia kulia. Baadaye tulikwenda shule ya serikali, ambako kila mstari ulianzia kushoto, na aliyesahau alionja fimbo. Hatukuchanganyikiwa. Vijana wa leo wakibadilishiwa simu tu wanaumwa kichwa.

Wino tulitengeneza wenyewe kwa makaa, maziwa na gundi ya mgunga. Ukishahifadhi somo, unaosha ubao wako na kuyanywa yale maji ili maneno yakae kifuani. Yalikuwa na ladha ya moshi, nami niliyapenda.

Siku moja tukasikia askari wanapita nyumba kwa nyumba. Walidai maandishi yetu ni ujumbe wa waasi, mbao zote zichomwe. Maalimu wetu, mzee mfupi asiyejua kuogopa, aliagiza mtungi wa maji. Tukaosha somo ambalo hatujalihifadhi bado, tukalinywa, hata wadogo waliokuwa wakilia. Askari wakakuta mbao tupu. Mkubwa wao akauliza maandishi yako wapi.

"Maneno iko tumbo ya watoto, afande," Maalimu akajibu. "Wewe beba mbao."

Walizichoma mbele yetu. Kesho yake tuliandika mchangani kwa vidole, kuanzia kulia.

Juzi mjukuu wangu Abdirizak, anayeandika programu za kompyuta, alikuwa akiitengenezea duksi yetu programu ya masomo. Herufi za Kiarabu zikatoka kama alama za kuuliza, na zile zilizosalimika zikajibana kushoto. Akanieleza kwamba msimbo aliotumia hauzijui herufi zetu, hivyo afadhali tuandike kwa za Kizungu, ni rahisi.

Nilikasirika, sifichi. Nikamsimulia habari ya mbao.

"Sisi tulichomewa tukaendelea," nikamwambia. "Wewe umeshindwa na kioo?"

"Haya, ayeyo," akasema, kama wanavyoitwa bibi kwetu. Akabadilisha msimbo, akapanga mistari upya. Jioni somo likatokea zima, limenyooka, linaanzia kulia. Nikalisoma kwa sauti hadi mwisho, kifua mbele.

Nilipomaliza, alilifuta kwa kidole kimoja, bila tone la maji. Nami nikabaki na kiu.