Fito za Gulio la Mkuyuni

Niliondoka Mwembesongo kwa sababu alihitajika Mnyamwezi. Hakuhitajika mganga wala mwanasiasa, na hakuna aliyeniuliza niliishia darasa la ngapi. Nilishukuru, maana shule niliiacha mapema na tangu hapo kazi yangu imekuwa kutangatanga na kuuliza maswali. Wakati huo nilikuwa nauza mitumba Morogoro mjini, nimepanga chumba kwa Mama Zuhura. Asubuhi moja aliniambia kuwa chama chao cha kuzikana kinapanda Mkuyuni kuweka matanga, na wamekosa mtani.

Ninyi wa nyumbani Tabora mnajua. Mluguru na Mnyamwezi ni watani, na msibani mtani ana ruhusa ya kuwasema wafiwa atakavyo na kuchukua kuku wao. Atakayekasirika ndiye mwenye kosa.

Msiba wenyewe ulikuwa wa mwaka uliotangulia, kipindupindu kilipopita milimani. Waliokufa walizikwa haraka na watu wa afya, kwa chokaa, bila kuoshwa na jamaa zao na bila matanga. Gulio la Mkuyuni likafungwa kwa fito na miiba. Ugonjwa ukaisha, fito zikabaki, kama kwenye lile soko dogo la mtaa wetu huko Tabora, lililofungwa kwa ugonjwa huo huo, ambalo mnalizunguka mpaka leo.

Barabara ya Matombo tuliipanda juu ya lori tupu lililofuata ndizi. Lori lilikuwa la tajiri mmoja wa mjini. Redioni kila siku tulisikia kwamba biashara sasa ni huria, na kweli kwake ilikuwa huria: kwa kuwa gulio limefungwa, alinunua ndizi mlango kwa mlango, na mama aliyekataa bei yake aliachwa na mikungu ikiiva hadi kuoza. Akina mama wa chama walijua lori ni la nani, na walilipanda wakicheka.

"Anatupeleka kwenye maziko yake mwenyewe," alisema Mama Zuhura.

Tulipofika Kiroka, dereva alisimama kupoza injini. Kando ya barabara palikuwa na debe lenye bomba, maji yametiwa dawa, nasi tukanawa mikono. Debe lile ni la chama, kama mengine mengi niliyoyaona mbele. Mama Zuhura alinieleza kwamba ugonjwa ulipokwisha, wanachama walijengea chemchemi na kulima kwa zamu mashamba ya waliofiwa. Walipoambiwa gulio halifunguliwi bila vyoo, walichimba vyoo. Kisha wakaambiwa wasubiri amri kutoka juu.

Nikauliza juu ni wapi. Akaniangalia, akaangalia vilele vya Uluguru. "Mimi nimezaliwa kule. Juu yetu sijaona mtu."

Mchana tulifika Mkuyuni. Mwenyekiti wa chama, Bi Tausi, mama mrefu mwenye sauti ya chini, alitupokea kando ya uwanja wa gulio. Nikampa shikamoo yake.

"Marahaba. Huyu ndiye mpagazi wetu?" aliwauliza wenzake. "Mbona mwembamba? Mizigo ataiweza?"

Nikamjibu kwamba nimekuja kuwafundisha Waluguru kutembea kwenye ardhi tambarare. Hapo tukawa ndugu.

Akanieleza kwamba matanga yatawekwa ndani ya uwanja, maana wengi wa marehemu walikuwa wauzaji wa pale. Sufuria zilikuwa tayari, mchele na maharage pia. Nikauliza kuni ziko wapi. Alizitazama fito, akanitazama mimi.

"Mtani hujitafutia," alisema.

Nilizing'oa zote. Miiba ilinichana mikono, akina mama wakinizomea kwamba Mnyamwezi gani analia kwa mwiba. Jua lilipoanza kushuka, fito zilikuwa chini ya sufuria na watu wamejaa uwanjani.

Ndipo akaja mtendaji wa kata na mgambo wawili wenye virungu. Naye ni Mluguru wa huko huko. Akauliza nani kang'oa fito za serikali.

"Mimi, Mnyamwezi," nikasema. "Wafiwa wako wachoyo, hawana hata kuni. Lete na hicho kirungu, maharage bado magumu."

Uwanja mzima ukacheka. Mgambo mmoja akageuza uso, mabega yakitikisika. Mtendaji akasema atanikamata.

"Mkamate," alisema Bi Tausi. "Ila kwanza watangazie watu kwamba umemkasirikia mtani kwenye matanga ya mjomba wako."

Kicheko kikakatika. Mjomba wake aliuza tangawizi miaka mingi pale penye jiwe, na alikuwa mmoja wa wale wa chokaa.

"Nilikatazwa hata kusogea," mtendaji alisema.

"Wote tulikatazwa. Leo hatukatazwi tena. Kaa."

Hakukaa. Alisimama mpaka dua ilipoanza, kisha akavua viatu, akakaa karibu na lile jiwe.

Asubuhi iliyofuata hakuna aliyetangaza lolote. Akina mama walishuka na ndizi na tangawizi, wakakaa katika nafasi zao za zamani. Mtendaji alipita, akaangalia majivu, akaendelea na safari yake. Dereva wa lori alikuta milango imefungwa, akaja uwanjani kuuliza bei. Mama wa kwanza akamtajia, wa pili akamtajia ile ile, na wa mwisho vilevile. Akanunua.

Nilirudi mjini juu ya mikungu ya ndizi, mikono imefungwa vitambaa. Nilichojifunza ni hiki: ugonjwa uliondoka, lakini zile fito zisingeondoka zenyewe. Ziliondolewa na watu waliokwisha kujipanga, wanaojua zamu ya nani kulima na nani kupika.

Kwa hiyo, watu wa Tabora, acheni kulizunguka soko letu. Wekeni matanga ya watu wetu, mchele uwe tayari, kuni msitafute. Nimeshazungumza na Bi Tausi. Anasema hajawahi kupanda treni, na angependa kuona kama Wanyamwezi nao wana fito zinazowaka vizuri.