Mtoto Asiyevunja Kioo

Fundi vioo ana ugonjwa mmoja usiopona: udadisi. Saa ikisimama ataifungua, jirani akipiga chafya atataka kujua kwa nini mara tatu na si nne. Basi jambo lililowatoa wengine nyumbani jasho, yeye lilimtia hamu. Bintiye wa miaka tisa, ambaye nyumba nzima inamwita Kisulisuli, huvunja vikombe viwili kwa wiki. Lakini kioo hajawahi kuvunja. Hata kimoja! Na karakana ya babake imejaa vioo kuanzia mlangoni hadi uani.

"Kwa nini?" akamuuliza mkewe.

"Mimi niulize habari za vikombe vyangu," mkewe akajibu.

Mama wa watu alikuwa na haki ya kuchoka. Ukimtuma Kisulisuli chumvi, anarudi na ndala moja na habari za paka wa jirani. Shuleni ndiyo usiseme: anasimama katikati ya hesabu, anasahau daftari, anajibu swali aliloulizwa mwenzake. Daktari wa watoto alimpima akawaeleza kwamba si ukaidi, ndivyo ubongo wake unavyofanya kazi, umakini haumkai. Dawa zipo, alisema, wala si aibu kuzitumia, ila waanze kwa miezi mitatu ya kubadili mazoea, kisha waangalie. Jirani naye alikuwa na dawa yake, fimbo.

"Samaki mkunje angali mbichi," akasema.

"Huyu si samaki, ndugu yangu," fundi akamjibu. "Samaki angenyamaza."

Ila mwalimu wa darasa alitoa neno la kukata maini: muhula ukiisha bila mabadiliko, Kisulisuli atarudishwa darasa la chini, akae na watoto wadogo. Mtoto alisikia. Siku ile hakugusa chakula, akamuuliza babake kama yeye ni mjinga. Fundi alimwambia hapana, lakini roho ilimuuma, maana hakujua atathibitishaje.

Jumamosi akamvisha glavu na viatu vigumu, wakasaidiana kubeba kioo kidogo cha dirisha. Watu wa kazi hii wana desturi yao: ukibeba kioo, unasema kila hatua kabla ya kuifanya, mwenzako asikie. "Nainua. Nageuka kushoto. Kizingiti hicho. Nateremsha." Kisulisuli aliyasema yote, macho kodo, miguu imetulia. Kioo kilipofika mezani akaachia, na papo hapo akapiga teke ndoo ya maji.

Lahaula! Fundi alicheka mpaka akakaa chini, suruali imelowa. Alikuwa amepata jibu.

Jioni akamweleza mama watoto: mtoto huyu akisema anachofanya, anakifanya. Wakajaribu. Kisulisuli akaosha vyombo akijitangaza kama mtu wa redio: nachukua kikombe, nakisugua, nakiweka. Wiki hiyo hakikuvunjika kitu. Iliyofuata kilivunjika kimoja, tusidanganyane. Mama naye akawa anatoa agizo moja tu kwa wakati, na kila mtoto akimaliza ukurasa anazunguka nyumba mara mbili kabla ya kurudi kwenye kitabu. Kelele ziliongezeka, lakini kazi zilikwisha.

Mwisho wa muhula fundi akaitwa shuleni, akakalishwa nyuma ya darasa. Watoto walikuwa wanasoma kimyakimya. Mara ukasikika mnong'ono: "Nasoma mstari wa tatu. Nimemaliza. Naenda wa nne."

"Wewe! Nyamaza," mwalimu akasema.

Fundi akataka kuinuka amtetee, akachelewa. Kisulisuli akasimama mwenyewe.

"Mwalimu, nikinyamaza naondoka. Mwili unabaki hapa lakini mimi sipo. Nikisema, nabaki. Wewe unataka nini?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Akamsogelea, akamuuliza habari za ukurasa ule, na mtoto akajibu swali la kwanza mpaka la mwisho bila kuangalia kitabu. Mwalimu akavuta kiti, akaketi kando yake.

"Basi baki," akasema. "Sema polepole, nasikiliza."

Kule nyuma fundi akajifanya anakagua vioo vya madirisha, machozi yanamlengalenga. Miaka yote hii alikuwa akimwambia mwanawe nyamaza. Yeye, mtu wa maswali, hakuwahi kumuuliza akinyamaza huwa anakwenda wapi.