Vinyonga Mkononi

Miaka ile uhuru ukiwa bado mchanga, nilinunua kamera kuukuu kwa karani Mfaransa aliyekuwa akirudi kwao. Sikupiga picha za harusi wala sherehe. Nilipiga vinyonga, na majirani zetu wa mtaa wa Antanimasaja, hapa mjini Mahajanga, wakaona nimeingiwa na wazimu. Waseme watakavyo, nilijiambia. Nilikuwa na kichwa kigumu.

Likizo moja nilikwenda kisiwani Nosy Be kwa shangazi, pamoja na mdogo wangu wa kike, aliyekuwa ameshaposwa. Nyuma ya mashamba ya milangilangi, miti ya maua ya manukato, kuna vinyonga wadogo mno, hawafiki urefu wa kidole, wanaoishi chini kwenye majani makavu. Watu wa kule humwogopa kinyonga, hata kumnyooshea kidole hawataki. Mdogo wangu ndiye aliyekubali kuwashika. Alikaa chini kimya mpaka miguu ikamfa ganzi, nami namkaripia asitikisike.

Siku ya mwisho aliniomba.

"Nipige na mimi moja, kaka. Uso, si vidole."

Nikamwambia baba hataki. Ni kweli nyumbani baba alikuwa amekataza picha za watu, hilo sikulitunga. Lakini wallahi sikuwa nikimfikiria baba. Filamu ilibakiwa na picha moja, na kinyonga alikuwa amesimama nchani mwa kidole chake. Alinuna kidogo, kisha akauweka mkono sawa.

Tuliporudi Mahajanga haukupita muda, homa ikamchukua kwa siku tatu. Alifariki alfajiri, adhuhuri tukamzika. Nguo zake za harusi zilikuwa bado kwa fundi.

Matanga yalipokwisha, mama aliniita, akataka nimletee picha za Nosy Be. Nikampa bahasha. Alizipitia moja moja, akizisogeza kwenye mwanga wa dirisha, nyingine akizigeuza nyuma. Kulikuwa na vidole, kiganja, pindo la kanga. Na vinyonga.

"Uso wake uko wapi?"

Nikajibu kwamba baba alikataza. Baba alikuwa amekaa mlangoni na tasbihi yake. Akasema alichokataza ni picha kutundikwa ukutani, kwenye chumba anachoswalia.

"Kupiga sikukataza," alisema. "Mama yako angeiweka sandukuni."

Nami nilikuwa najua. Ndani kabisa nilikuwa najua, na hilo sikuwahi kuwaambia. Hakuna aliyenigombeza. Laiti wangenigombeza, ningepata pa kulilia.

Mama alichagua ile picha ya mwisho, akaniomba mkasi. Akamkata kinyonga taratibu, akiizunguka ncha ya kidole asije akaigusa. Akamwacha kinyonga sakafuni, akauweka mkono wa mwanawe sandukuni.