Mtungi wa Pili wa Xing Suqin

Xing Suqin alikuwa mkata tiketi wa basi mjini Tianjin mpaka alipostaafu, na inasemekana aliwahi kumshusha meneja wake mwenyewe kwenye mvua kwa kupanda bila tiketi. Meneja alijitetea kwamba amesahau kuikata. Suqin akamjibu kwamba basi nalo limesahau kumfikisha. Tangu siku ile hakupanda cheo, wala hakushusha sauti.

Alipoolewa, alikwenda kwa mumewe na mtungi mmoja wa kaure. Mmoja! Mitungi ya arusi huenda miwili miwili, ya buluu na nyeupe, yenye herufi ya heri maradufu, na bibi arusi wa mtungi mmoja ni mkosi unaotembea. Kwao ilikuwepo miwili. Lakini vijana wenye vitambaa vyekundu mikononi walipokuja kusaka vitu vya kikale wavivunje, baba yake aliwapa mmoja ili wasiutafute wa pili, uliokuwa umelala chini ya makaa. Mama mkwe hakutaka hadithi. Mbele ya wageni alitangaza kwamba ndoa hiyo haitaona kiangazi. Ndoa iliishi mpaka bwana arusi akabakiwa na meno ya kuhesabika. Mama mkwe alikufa akiwa bado anaisubiri ivunjike.

Ndiyo maana kila Alhamisi Suqin huenda soko la vikale kuutafuta ule uliochukuliwa. Wanawe walimwambia mtungi ule ulikwishasagwa zamani.

"Basi nitanunua unga wake," aliwajibu.

Alhamisi moja ya baridi kali, akiwa na yai mfukoni la kumpelekea muuza chapati za choroko alivunjie juu ya chapati yake, maana Tianjin mwenye akili zake haamini yai la mwingine, aliuona. Ulikaa kwenye mkeka wa Kang Mapengo, katikati ya saa mbovu na masanamu ya Buda yaliyozeeshwa kwa majani ya chai wiki iliyopita. Suqin aliuinua, akapapasa kitako. Vidole vikakutana na vitone. Babu yake alikuwa akivitoboa vyombo vyote vya nyumbani kwa patasi ndogo, akiandika jina la ukoo, Xing, ili majirani walioazima kwa karamu wasijisahau.

Uso aliuacha kama wa mtu anayengoja basi, na kitako akakifunika kwa kiganja. Kang akijua mtungi ni wa kwao, atauuza pamoja na mababu.

"Bei gani, haka ka kutilia kabichi ya chumvi?"

"Elfu nne, dada." Huko kila mwanamke ni dada, hata mwenye vitukuu.

"Elfu moja."

"Dada, kwa elfu moja nakupa kifuniko. Tena kwa kuazima."

Hapo ndipo alipofika Bwana Rui, mkusanyaji mwenye tochi ndogo, miwani mikubwa na elimu ya kutosha kumkera kila mtu. Macho yakamtoka. Ila soko lile lina sheria ambazo hakuna aliyeziandika na hakuna anayezivunja: chombo hakipokezanwi mkono kwa mkono, hutuliwa chini kwanza, na kikiwa mikononi mwa mtu, mwingine hatamki bei.

"Dada, utue na sisi tuuone," alisema Rui.

"Sijamaliza kuuangalia."

"Unaangalia nini muda wote huo?"

"Naangalia kama utaondoka."

Watu wakacheka, wakasogea. Rui hakuondoka. Suqin hakuutua. Baridi ilimng'ata vidole, na Kang akawa anaruka mguu huu na huu kwa hasira, maana wateja wote walikuwa wakitazama na hakuna anayenunua.

"Dada Xing!" alipaza sauti muuza chapati. "Yai langu liko wapi leo?"

"Mfukoni. Njoo ulichukue, mikono ina kazi!"

Akaja, akalitoa yai, akarudi na chapati, akamlisha vipande kama maharusi wanavyolishana keki. Umati ukapiga makofi.

"Dada, utanifungia biashara," Kang alilia.

"Punguza."

Rui akakohoa. "Kwa kweli sielewi. Mkata tiketi na chombo cha hadhi hii, wapi na wapi?"

Angenyamaza, pengine wangekuwa pale hadi leo. Suqin aliupindua mtungi, akamsogezea kitako puani.

"Soma, msomi! Xing! Ni wa kwetu, mimi ni Xing, na bei sasa ipande hadi mbinguni!"

Rui aliwasha tochi. Akaizima.

"Umetobolewa," alisema kwa masikitiko. "Ukishachongwa jina la mtu, huo ni mtungi mbovu. Hata bure siutaki." Akaenda zake.

Kang alitazama mawingu. Alikijua kitako kile vizuri, na asubuhi nzima alikuwa akikiombea dua kiganja cha Suqin kisibanduke.

"Haya dada, yamekwisha. Mia tatu, uende nao."

"Kwa nini mia tatu?"

"Si umemsikia? Una kasoro."

"Kasoro ipi?"

"Hilo jina, dada."

Umati ulirefusha shingo. Hata muuza chapati aliacha kugeuza.

"Nilisema elfu moja," alisema Suqin.

"Dada, mimi ndiye ninayeshusha!"

"Shuka peke yako. Elfu moja ni bei ya mtungi usio na kasoro, na huu hauna. Pokea, ama niendelee kuuangalia."

Kang alipokea haraka, kama mtu anayeogopa wazimu wa mteja usije ukapona.

Nyumbani, mtungi wa pili ulionekana mfupi kuliko wa kwanza kwa upana wa kidole. Binti yake aliligundua hilo mara moja, akapewa mfagio. Suqin aliipanga mitungi kwenye rafu, huu huku na huu huku, akaifuta vumbi picha ya mama mkwe, akaisimamisha katikati.