Ndiyo ya Kwanza ya Daktari Hautala

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na dakika arobaini, Daktari Ilene Hautala huingia hospitalini kwa mlango wa nyuma, hukung'uta theluji kwenye buti zake, kisha huanza kukusanya viti vya magurudumu. Hukuta kimoja karibu na lifti, viwili nje ya chumba cha eksirei, kingine kimesahauliwa mbele ya mashine ya kahawa. Huvisukuma hadi mlango wa mbele, huvipanga mstari mmoja, na hapo ndipo huvaa koti lake jeupe na kupanda wodini.

Ana miaka hamsini na minane. Ni daktari wa familia katika mji wetu wa machimbo ya chuma, kaskazini mwa Minnesota, na katika miaka ishirini na tisa ya kazi amepokea watoto elfu moja na mia tisa na ushei. Mimi ni mmoja wao. Siku hizi natunza maktaba ndogo ya hospitali, na viti vile hupita mbele ya mlango wangu. Kuvisikia ni kama kusikia saa ya ukutani.

Kisa chenyewe kilianza Septemba, alipopewa cheo akakikataa.

Lazima niseme jinsi tulivyolelewa huku. Ukikaribishwa kahawa, unasema hapana, usijisumbue. Ukikaribishwa tena, unasema labda nusu kikombe. Mara ya tatu unakubali, na hapo unakunywa viwili. Anayepokea mara ya kwanza ni mlafi, na mwenyeji asiyerudia kuuliza ni bahili. Kila mtu anajua, kwa hiyo hakuna anayekosa kahawa.

Bwana Pruitt, mkurugenzi wetu mpya, alikuwa hajui. Alikuja kutoka Florida na alikuwa na miezi minane tu hapa. Mganga mfawidhi wetu, yule daktari anayewasimamia madaktari wote, alikuwa anastaafu. Bwana Pruitt akamkuta Daktari Hautala kwenye korido, kashika kiti kila mkono.

"Daktari, nataka wewe uwe mganga mfawidhi. Unasemaje?"

"Ah, mimi? Hapana, bwana. Wapo wanaofaa kuliko mimi."

"Nimekuelewa," akasema Bwana Pruitt. "Asante kwa kunijibu kwa uwazi." Akaenda zake.

Daktari akabaki pale pale na viti vyake, akimsubiri ageuke. Hakugeuka.

Jumatatu iliyofuata nafasi ilitangazwa nchi nzima, tena na sharti jipya: mwombaji awe na cheti cha ubingwa wa uongozi na utawala wa huduma za afya, kile ambacho madaktari hupewa na bodi ya mitihani baada ya kupimwa kwa maandishi na kwa mdomo. Daktari Hautala alikuwa na cheti cha tiba ya familia. Cha uongozi hakuwa nacho, ingawa alikuwa ameongoza kamati za hospitali kwa miaka kumi na mmoja bila mtu kuona ajabu.

Bernadette Zupan, mkunga mkuu wa wodi ya wazazi na rafiki yake tangu ujana, alicheka hadi akakaa chini.

"Yaani umekataa?"

"Sikukataa. Nilisema hapana."

"Kwa mtu wa Florida!"

"Nilidhani ataniuliza tena."

"Ilene, kwao jua linawaka mwaka mzima. Subira atajifunzia wapi? Majuto ni mjukuu, mwenzangu, lakini huyu wako amezaliwa njiti."

Kicheko kilikauka baada ya wiki moja. Ilijulikana kwamba mmoja wa waombaji, daktari kutoka jiji kubwa mwenye cheti tayari, alikuwa ameandika mpango wake wazi: wodi ya wazazi ifungwe, akina mama wakajifungulie kwenye hospitali kubwa. Hospitali hiyo iko kilomita mia moja na kumi kutoka hapa. Januari, barabara ile hufungwa kwa dhoruba siku mbili, tatu mfululizo, na uchungu wa kuzaa hausubiri katapila la theluji.

Kesho yake Daktari aliingia maktabani na mkate wake mweusi wa nafaka ya rai na samaki wa kukaushwa kwa moshi.

"Binti, una vitabu vya utawala? Usaili ni Aprili, na kile cheti nakitaka."

Nilikuwa navyo vinne, kimoja kimenizidi umri. Vingine tuliazima vyuoni. Kuanzia Novemba alikuja kila siku mchana, akasoma huku anakula. Nilitarajia angesinzia. Badala yake alikuwa akipiga meza kwa kiganja.

"Ehe! Kumbe foleni ina kanuni zake kama mapigo ya moyo! Bernie, njoo uone!"

Bernadette alijipa kazi ya kuwa mtahini. Mimi nilisoma visa kutoka kwenye kadi, maana kusoma naweza hata nikiona haya. Kisa cha kwanza kilikuwa hiki: ni Jumatatu, wagonjwa kumi na wanne wamelazwa kwenye korido ya dharura, wodini hakuna kitanda, nawe ndiye kiongozi. Utafanya nini?

"Kuna mwenye maumivu ya kifua?" akauliza Daktari.

"Hujaulizwa hilo," akasema Bernadette.

"Kama yupo, apewe aspirini kwanza."

"Haya, kapewa. Wamebaki kumi na watatu."

"Wa pili ana umri gani?"

"Ilene! Utawatibu wote hao wakati watahini wanakuangalia saa?"

Ndivyo ilivyokuwa Desemba nzima. Kila kisa alikimbilia kwa mgonjwa. Ukimwambia paa linavuja, anauliza nani ameteleza. Bernadette alimwita Mama Aspirini mbele ya wauguzi, na wauguzi wakalidaka jina.

Halafu ikaja siku moja ya Januari. Nilisoma kisa kile kile cha korido, na safari hii Daktari hakuuliza habari za mgonjwa. Aliuweka mkate chini.

"Vitanda vimejaa nani?" akauliza taratibu.

Bernadette akanitazama. Kadi haikusema.

"Vimejaa watu waliokwisha kupona," akajijibu mwenyewe, sauti ikipanda. "Wamevaa, wamefunga mizigo, wanangoja karatasi ya ruhusa. Na karatasi hatuitii sahihi mpaka tumalize kuwazungukia wagonjwa wote, saa tisa alasiri! Bernie, si kisa cha kitabuni hiki. Ni sisi!"

Akatoka mbio, akauacha mkate. Tulimsikia akipanda ngazi mbili mbili. Tangu kesho yake alianza kuwaona kwanza wale wanaoondoka, na kufika saa tatu asubuhi karatasi zao zilikuwa tayari. Madaktari wawili wakamwiga, kisha watano. Kabla Februari haijaisha, korido ya dharura ilionekana sakafu yake, na hakuna aliyeamuru mtu. Aspirini haikutajwa tena maktabani.

Machi alikwenda Chicago kufanya mtihani. Aliporudi tulimngoja mlangoni, Bernadette akiwa bado na glavu mkononi.

"Haya, imekuwaje?"

Daktari akavua kofia yake ya sufu polepole.

"Sio mbaya," akasema.

Bernadette akapiga yowe, akamkumbatia mpaka miguu ikaacha sakafu. Huku kwetu "sio mbaya" husemwa juu ya harusi iliyofana au mtoto aliyezaliwa na kilo nne.

Matokeo yalikuja Aprili kwa barua pepe, akaja kuyafungulia kwenye kompyuta yangu. Akakaa, akasimama, akakaa tena.

"Fungua wewe, Bernie."

"Nimeshika vichwa vya watoto elfu mbili, sitashindwa na kitufe," akasema Bernadette, akabonyeza.

Tukasoma wote watatu kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza maishani nilipiga kelele ndani ya maktaba. Amefaulu! Mpishi wa hospitali alisikia akapanda na mkate wa kokwa za jozi na asali, ule wa kuviringishwa, ambao bibi zetu huoka siku za sikukuu tu. Daktari alikataa mara mbili, akala vipande vitatu.

Lakini cheti kilimfikisha mlangoni tu. Usaili ulikuwa Alhamisi, mbele ya baraza la hospitali, watu saba na Bwana Pruitt. Aliniomba nimbebee chati zake, kwa hiyo niliona kila kitu nikiwa nimekaa ukutani.

Aliongea dakika ishirini, bila kumtaja mgonjwa hata mmoja mpaka mwisho. Alieleza siku ngapi barabara ilifungwa miaka mitano iliyopita. Alionyesha jinsi wauguzi wa wodi ya wazazi wangeweza kufundishwa kazi za upasuaji, ili siku ambayo hakuna anayejifungua wasikae bure. Alitaja vitanda, zamu, masaa. Kisha akasema, "Na watatu kati yenu mlio kwenye meza hii, wajukuu zenu nimewapokea mimi, ghorofani, kwenye jengo hili hili." Akakaa.

Tulitolewa nje. Bernadette alikuwa kwenye korido, akimwambia kwa kunong'ona na kumfinya mkono: "Anauliza mara moja yule. Mara moja! Umenisikia? Ukisema hapana nakuchoma sindano."

Tulipoitwa ndani, Bwana Pruitt alisimama.

"Daktari Hautala, baraza linakupa nafasi ya mganga mfawidhi. Wodi ya wazazi itabaki wazi, kwa mpango wako. Unakubali?"

Niliiona shingo ya Daktari ikigeuka nyekundu. Niliona kichwa kikianza kuinama upande, vile watu wetu huinamisha wanapotaka kusema wapo wanaofaa zaidi. Bwana Pruitt alikuwa ameshika kalamu. Nilizibana chati hadi zikapinda.

"Ndiyo," akasema Daktari.

Akajifunika mdomo, kama mtu aliyenyakua kipande cha mwisho sahanini. Mzee Korpela wa baraza, mchimba chuma mstaafu, akageukia wenzake kwa mshangao.

"Mara ya kwanza?"

Chumba kizima kikapasuka kwa kicheko, isipokuwa Bwana Pruitt, aliyekuwa akitazama huku na huku ili ajue wanacheka nini. Nje ya mlango Bernadette alikuwa anaruka.

Kesho yake, saa kumi na mbili na dakika arobaini, nilisikia magurudumu. Nikatoka. Mganga mfawidhi alikuwa anasukuma viti viwili, buti zimelowa. Katika miezi ile yote nilikuwa nimemsomea kadi mia mbili za maswali ya wengine, na swali langu mwenyewe sikuwahi kumwuliza. Nikajikaza.

"Daktari, sasa una watu wa kuwaagiza. Kwa nini bado unasukuma viti mwenyewe?"

"Kiti hubaki pale mgonjwa alipokwama," akasema. "Nikivikusanya najua pa kuanzia. Jana wamekwama eksirei."