Sifuri Niliyompa Fundi wa Nosy Be

Miaka ile ya mwanzo wa uhuru nilikuwa karani wa afya katika mji wa bandari wa Mahajanga, kijana wa mtaa wa Mangarivotra mwenye kalamu mbili mfukoni na majivuno tele. Nilitumwa kulinganisha hospitali mbili ndogo, moja ya mjini kwetu na moja ya kisiwa cha Nosy Be: ipi inatunza vizuri zaidi majengo, mabomba na mitambo yake. Fundi ambaye angeonekana hana kazi ya kutosha, nafasi yake ingefutwa. Kipimo nilikibuni mwenyewe, nami nilikionea fahari. Ningehesabu matengenezo yaliyoandikwa daftarini.

Daftari la Mahajanga lilijaa hadi kwenye jalada. Pampu imetengenezwa, pampu imetengenezwa tena. Nikasema, hawa ndio watu wa kazi! La Nosy Be, lililoletwa ofisini kwa meli, lilikuwa jeupe karibu lote. Nikaandika sifuri, nikamkabidhi mkuu wangu karatasi, kisha nikasafiri kwenda kumwona huyo mvivu anayekula mshahara wa bure.

Nilifika Jumanne, siku ambayo kwa watu wa pale ni mwiko kushika jembe. Fundi, mtu mfupi mwenye ulimi mkali, aliupanua mwiko huo hadi kwenye nyundo na spana. Nilimkuta akizunguka wodini bila kifaa chochote, kipande cha chaki sikioni. Anafungua bomba, anasikiliza, anafunga. Anausukuma mlango polepole, anatia alama ya chaki kwenye bawaba. Nikamsemesha kwa Kimalagasi, maana Kiswahili cha babu zetu kilikuwa kimebaki kwenye dua na biashara tu.

"Unafanya nini, ndugu yangu?"

"Leo nawapima wagonjwa wangu," akajibu. "Kesho nawatibu."

"Mbona huandiki daftarini?"

"Niandike nini? Hakijaharibika kitu."

Nilikasirika, halafu nikaona haya. Kila alichokiwahi kabla hakijavunjika, kipimo changu kilikihesabu kuwa uvivu. Na ile sifuri ilikuwa tayari mezani kwa mkuu.

Nikapeleka simu ya maandishi kuomba subira. Mkuu akajibu kwamba anataka ushahidi, hataki hadithi. Sasa jambo ambalo halikutokea utalihesabuje? Aliyeniokoa ni mkunga wa hospitali ile ya kisiwani. Yeye, kila mama akijifungua, aliandika maji yalikotoka, bombani au, bomba likiharibika, kisimani. Nikapekua kurasa zote tangu fundi yule aajiriwe. Bombani, bombani, bombani. Kisimani haikuwepo hata mara moja! Mwanamume huyu, kwa chaki yake na masikio yake, alikuwa amefanya kazi ambayo sijaona mfano wake tena. Nilitamani kumkumbatia, ingawa najua angenicheka.

Nikazinakili kurasa zile, nikazituma. Mkuu akaifuta sifuri, fundi akabaki kazini.

Jibu lilipofika nilimfuata mimi mwenyewe kumpa habari. Nikamweleza yote, hata daftari nene la kwetu na pampu yake, na jinsi nilivyoliweka nafasi ya kwanza. Nilidhani atanitania. Akaweka spana chini.

"Pampu hiyo ikifa," akauliza, "hao wanaojifungua kule Mahajanga nani huwatekea maji?"

Dada yangu alijifungulia hospitali ile ile ya Mahajanga. Sikuwa nimewahi kumwuliza nani alimtekea.